Firigisi ya Balozi

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na namna yake ya kula firigisi. Hakuitafuna upesi kama mtu mwenye njaa. Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaikata kwa meno ya pembeni, kisha akafumba macho. Waliokaa naye walinyamaza mpaka amalize, kwa kuwa walijua akifumbua macho atasema maneno mawili, na hayo ndiyo waliyoitiwa.

"Hili tumelimaliza."

Hapo watu walinyanyuka, wakakung'uta nguo na kwenda zao. Mume alimsindikiza Balozi hadi njiani. Mwanamke aliyepigwa alibaki kuosha vyombo.

Nimewaona viongozi waliokula zaidi yake, tena vitu vikubwa kuliko kuku. Wengi wao nimewasahau. Huyu simsahau kwa sababu alikula kidogo, kwa adabu, huku akiamini kabisa kwamba anafanya kazi.

Nilipelekwa kufundisha katika kijiji kile, upande wa Itiryo, Tarime, wakati watu walikuwa wametoka tu kuhamishwa milimani kwao na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri nilifundisha watu wazima, na waliokuja wengi walikuwa wanawake, maana wanaume walisema macho yao yamechoka. Nyumba niliyopewa ilikuwa ndani ya zile kumi za Balozi, kwa hiyo niliyoyaona niliyaona kwa ujirani.

Kabla ya kuhamishwa, kila mji wa familia ulikuwa peke yake kwenye mteremko wake, na katikati kulikuwa na mashamba ya ulezi na mihogo. Mwanamume akimpiga mkewe, waliosikia walikuwa mbuzi na mama mkwe. Sasa nyumba zilitazamana. Ukipiga chafya jikoni, jirani wa pili anakuitikia. Serikali ilitaka watu wasogee karibu ili wapate bomba, shule na zahanati. Sidhani kama kuna ofisa aliyekaa akafikiri kwamba watasogea karibu na vilio pia. Wanawake waliojua kila mmoja kwamba anapigwa peke yake waligundua, ndani ya msimu mmoja wa mvua, kwamba wanapigwa wote.

Vilio hivyo ndivyo vilivyompa Balozi wetu kazi. Wajibu wake kwa Chama ulikuwa mwingi: kuhimiza kilimo, kupokea wageni, kutangaza mikutano. Yeye alichagua usuluhishi. Neno hilo alilipenda, akilitamka polepole, kila herufi na haki yake. Na utaratibu wake ulikuwa huu. Mume aliyeshtakiwa alete kuku. Mke aliyepigwa ampike kuku huyo kwa mkono wake mwenyewe, asonge ugali, apakue, aweke mbele ya Balozi. Mwanamke akipakua, maana yake moyo wake umetulia. Balozi akila firigisi, maana yake kesi imeisha na hakuna mtu wa kuifufua. Kabla ya hapo mume anaitwa mtu wa kesi, na mtu wa kesi haruhusiwi kukaa na wenzake kwenye chungu cha pombe. Kipengele hiki cha mwisho kilifanya kuku waje haraka.

Alisema ni mila. Niliwauliza wazee wa vijiji viwili vya jirani kama wanaijua. Mmoja alicheka. Mwingine aliuliza kuku huwa ni jogoo au tetea.

Kesi ya kwanza niliyoishuhudia tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa ya Rhobi, mke wa Mwita, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Rhobi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mtoto mgongoni na mwingine akimshika nguo, na sauti ambayo kwa siku za kawaida hukuisikia. Kwao hakuweza kurudi. Ng'ombe wa mahari yake kaka yake alikwisha kuolea, na hakuna aliyekuwa tayari kuivunja nyumba ya kaka ili kuiponya ya dada. Siku hiyo jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Balozi alikalishwa kwenye kiti chenye mgongo. Sisi wengine tulikaa tulipopata.

"Alikupiga na nini?"

"Na fimbo, tata," alijibu Rhobi. Tata ni baba kwa Kikurya, na wadogo wote walimwita hivyo; yeye aliwaita mura, kijana.

"Fimbo ya ng'ombe au ya kutembelea?"

"Ya ng'ombe."

"Upande mwembamba au mnene?"

Rhobi alifikiri. "Sikuangalia."

Watu wakacheka. Balozi naye akacheka, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyekamata uongo. "Mnaona? Mtu anayeumia huangalia." Kisha akamgeukia mume. "Na wewe Mwita, mura, mbona unatusumbua?"

"Alichelewesha chakula, tata."

"Rhobi, chakula kisicheleweshwe. Mwita, punguza mkono. Kuku yuko wapi?"

Punguza mkono. Alisema hivyo kama mtu anavyomwambia mpishi apunguze chumvi. Rhobi akaenda jikoni na jicho lake moja. Baadaye firigisi ikaliwa, macho yakafumbwa, na jambo likamalizwa. Lilimalizwa tena mwezi uliofuata, na tena wakati wa palizi.

Ningefurahi kusema kwamba alikuwa mtu mbaya kwa kila upande, lakini nisingekuwa nasema kweli. Nilipofika kijijini alibeba sanduku langu la bati kichwani kutoka barabarani, akakataa kunywa hata maji. Ndama wake mmoja alipougua, alimlaza ndani ya nyumba karibu na moto na kumfunika kwa koti lake la mikutano, na siku ndama alipokufa alikaa nje ya boma akilia bila kujificha. Begani alikuwa na kovu la mshale. Aliupata akifuatilia ng'ombe wa jirani walioibwa, karibu na mpaka, wakati wenzake walikuwa wamekwisha kugeuka. Hilo silipunguzi. Mshale hakuuogopa. Alichoogopa ni kuchukiwa na wanaume wanane aliokunywa nao, na kwa hofu hiyo ndogo aliwaacha wake zao wapigwe.

Redio yake ilikuwa moja ya redio chache zilizokuwa na betri. Hotuba ikitaja usawa wa binadamu alipiga mapaja. "Mwanamke ni nguzo ya taifa!" alisema kwa sauti, kisha akaita nguzo hiyo imletee maji ya kunawa. Nguzo yenyewe ilikuwa Mama Bhoke, mkewe, mwanamke mfupi, mnene, mwenye mwendo wa haraka na ulimi wa haraka zaidi. Balozi alijisifu mbele ya kila mgeni kwamba hajawahi kumnyooshea mkono.

Nilimuuliza Mama Bhoke siku moja kama ni kweli.

"Kweli kabisa, mwalimu," alisema, huku akichambua mboga. "Yeye hapigi. Anakula tu."

Mama Bhoke ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu mgumu kuliko wote. Hakukubali herufi mpaka nimweleze kazi yake. Alasiri moja somo lilikuwa la sauti ya ng', na nilikuwa nimeandika ubaoni: ng'oa, ng'ara, ng'ombe. Nafasi ya Rhobi ilikuwa tupu. Hakuna aliyeuliza yuko wapi, kwa sababu jana yake jioni tulimsikia sote. Mama Bhoke alisimama mbele ya ubao na chaki yake, akalitazama lile neno la mwisho bila kulinakili.

"Mwalimu, neno hili lina nguvu."

"Nguvu gani?"

"Likipigiwa yowe, hakuna mwanaume anayebaki ndani."

Asiyeifahamu Tarime inabidi aelezwe. Yowe la ng'ombe walioibwa lina sauti yake. Hupanda juu, hukatwa ghafla, hupanda tena. Ukilisikia unaacha ulichoshika, iwe jembe au mtoto, unachukua silaha na kukimbia kule sauti inakotoka. Mwanaume asiyetoka anaulizwa sababu mpaka azeeke.

"Hata mume wangu anatoka," alidakia mwanamke mmoja wa nyuma, "na anasema mgongo wake umekufa." Darasa likacheka.

"Haya," alisema Mama Bhoke. "Jana Rhobi amelia mpaka sauti ikakauka. Nani alitoka?"

"Mimi nilitoka," alisema jirani wa Rhobi. "Nikasimama mlangoni, nikarudi."

"Kwa sababu alikosea kulia. Alilia kama mtu."

Kicheko kilikatika. Hawakupiga kura, wala hakuna aliyeniomba ushauri. Walikubaliana kwa namna wanawake wa kule wanavyokubaliana, kwa kuitikia kooni kila mmoja mahali alipo, kisha wakaniambia tuendelee na somo.

Hawakungoja sana. Jua lilikuwa bado juu, ng'ombe hawajakamuliwa, Mwita alipoanza. Jirani yake wa karibu akatoka nje, akaweka mikono mdomoni na kupiga yowe la ng'ombe. La pili likaitikia upande wa kisimani, la tatu nyumbani kwa Balozi mwenyewe. Wanaume walimiminika. Walikuja na mikuki, pinde na mapanga. Chacha, kiongozi wa rika la akina Mwita, alikuja nusu ya kidevu ikiwa imenyolewa na nusu ina povu la sabuni. Wakajaa uani kwa Mwita, wakihema, na mbele yao wakamkuta Mwita ameshika fimbo, Rhobi yuko chini, na wanawake wamesimama wamewazunguka.

"Wamepita wapi?" alipaza Chacha. "Ng'ombe wamepita wapi?"

"Hawajapita popote," alisema Mama Bhoke. "Huyu hapa chini alitolewa ng'ombe. Si mmekuja kuokoa ng'ombe? Okoeni."

Kisha mtu mmoja kule nyuma akaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichofanya kazi.

"Mura," Chacha alimwambia Mwita, akijifuta povu, "umenitoa na wembe kidevuni kwa sababu ya ugali?"

"Ni mambo ya nyumba yangu."

"Nyumba yako imenikimbiza hadi hapa! Weka chini hiyo fimbo. Weka chini, unatutia aibu."

Mwita aliificha fimbo nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Kwa wiki nzima kila alipopita, vijana waliuliza kama ng'ombe wake wamelala salama.

Sitaki kusema wanaume wale walibadilika mioyo. Sikuwa na njia ya kuipima mioyo yao. Ninachojua ni kwamba walichoka kukimbizwa na kuchekwa, na uchovu huo ulifanya kile ambacho hotuba zote za redio ya Balozi hazikufanya. Jioni za nyumba zetu kumi zilitulia. Niliweza kusahihisha madaftari bila kuinua kichwa.

Aliyedhoofika ni Balozi. Kuku hawakuja. Alianza kupita nyumba kwa nyumba wakati wa mchana, mikono nyuma, kofia ya Chama kichwani.

"Salama humu, Rhobi?"

"Salama, tata."

"Salama kabisa?"

"Kabisa."

"Hakuna neno lolote?"

"Hakuna."

Nilikuwa nikianika nguo, nikamwona uso alipogeuka. Nimemwona muuza kahawa akiwa na uso ule siku ya mvua, akisubiri wateja.

Mkutano uliofuata alisimama na kuzungumza kwa muda mrefu kuhusu ulinzi na usalama. Mwishoni akalitoa alilolileta. Yowe la ng'ombe, alisema, ni mali ya ulinzi wa kijiji, na watu wameanza kulichezea. Kuanzia siku hiyo, yowe likiwa la sauti ya kike, hakuna mwanaume kutoka mpaka yeye Balozi athibitishe. Neno kuthibitisha alilitoa redioni karibuni na bado lilikuwa jipya mdomoni mwake. Wanaume wakapiga makofi. Walikuwa wamechoka kukimbia.

Mama Bhoke akanyoosha mkono. Hadharani hakumwita baba Bhoke. "Ndugu Balozi. Na ng'ombe wakiibwa kweli, na nyumbani tuko wanawake watupu?"

"Nitathibitisha."

"Utathibitisha wakiwa wamefika Kenya?"

Watu walicheka, lakini sheria ilipita. Sheria nyingi za kijinga nimeona zikipita kwenye kicheko.

Siku iliyouvunja mkono wa Rhobi ilikuwa siku ya shamba la ujamaa. Wanaume walikuwa mteremko wa ng'ambo ya kijito waking'oa visiki, Balozi akiwasimamia. Wanawake walikuwa darasani kwangu, mbali zaidi, upande wa pili wa kijiji. Mwita hakwenda shambani; alisema ana homa. Rhobi hakuja darasani, alibaki kutwanga. Yowe lilipigwa na jirani yule yule, ambaye naye hakuja darasani, kwa sauti ile ile ya ng'ombe, na ng'ambo ya kijito lilisikika vizuri kuliko kwetu.

Sikuwepo shambani. Nimewauliza wanaume watatu waliokuwepo, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao yanafanana. Walinyooka wote. Chacha alikuwa amekwisha kuchukua panga na kushuka hatua kadhaa. Balozi alitega sikio, akasema, "Ni wale wale. Endeleeni." Majembe yakashuka tena. Mmoja wa hao watatu aliongeza kwamba Balozi alicheka. Wawili hawakusema hivyo, kwa hiyo kicheko sikihesabu.

Sisi tulikimbia. Tulipofika Mwita alikuwa ameketi nje juu ya kinu alichokilaza, mchi uko pembeni ya mguu wake, akitazama barabarani kana kwamba anangoja basi. Rhobi alikuwa ndani. Alikuwa ameupakata mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu anayebeba kitu cha mtu mwingine. Aliuinua kukikinga kichwa. Mfupa ulikuwa umetoka mahali pake, na vidole vimegeuka rangi.

"Hawakusikia?" aliniuliza. Hakumtaja Mwita. "Ng'ambo hawakusikia?"

Mama Bhoke ndiye aliyejibu. "Walisikia."

Lori lililokuwa linapeleka kahawa lilimchukua hadi hospitali mjini Tarime. Walimfunga plasta. Ilipotolewa, vidole viwili havikuweza tena kukunjika kushika mwiko.

Plasta ikiwa bado nyeupe, Balozi aliitisha usuluhishi. Mwita aliketi pembeni, kichwa chini. Kuku alikuwa tayari, amefungwa miguu, amelazwa mlangoni. Balozi alizungumza vizuri; alisema shetani aliingia kati. Kisha akasema, "Rhobi, mwanangu, pika tulimalize."

"Kwa mkono upi, tata?"

Aliutazama ule mkono. Nilimwona kabisa akiwaza, na alichokiwaza ni upishi. "Basi mwingine apike kwa niaba yake."

Hakuna aliyenyanyuka. Akaanza kuwaita wake wa nyumba zake kumi, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi kuku wa watu siwajui kuwapika."

"Mwiko wangu umevunjika, tata."

"Mimi leo kichwa kinauma."

"Na mimi. Kimeanza sasa hivi."

Mwisho akafika kwa mkewe. "Mama Bhoke."

"Abee."

"Pika."

"Nani amesema kuna kesi hapa?" alisema Mama Bhoke, mikono mapajani. "Labda ni wale wale. Thibitisha kwanza."

Hata baadhi ya wanaume waliinamisha nyuso ili wasionekane wakicheka. Tulikaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika barabarani, na kuku akiwa hapo hapo mlangoni, akipepesa macho. Balozi aliposema kwamba, kutokana na hali, jambo hili lihesabiwe limekwisha, Chacha alikohoa.

"Tata, hujala."

"Nasema limekwisha."

"Lakini hujala. Wewe ndiye uliyesema."

Sijui kama Chacha alimhurumia Rhobi au alijuta kwa zile hatua alizoshuka na kuzirudi. Alikuwa mtu asiyesema mengi. Lakini kwa sheria ya Balozi mwenyewe Mwita alibaki mtu wa kesi, na wenzake hawakumkaribisha tena kwenye chungu. Alikunywa peke yake, kisha akaacha kunywa. Baada ya mavuno alikwenda Nyangoto kuchimba dhahabu, ambako hakuna aliyemjua, na Rhobi akabaki na nyumba, shamba na watoto. Kuku yule alirudi kuatamia.

Sheria ya kuthibitisha nayo haikuishi. Ng'ombe wa Balozi waliibwa kweli, mchana, bintiye Bhoke akiwa peke yake nyumbani. Akapiga yowe. Wanaume walikuwa wamekaa kivulini, wakatazamana. "Imethibitishwa?" aliuliza mmoja, na wengine wakatikisa vichwa kwa uzito wote. Dakika chache baadaye Balozi alitokea njiani anakimbia, kofia mkononi, jasho likimtiririka. "Ni ng'ombe kweli!" alilia. "Jamani, ni ng'ombe wa miguu minne!" Walikwenda, na wengi wa ng'ombe hao walirudi. Tangu siku hiyo yowe lilipolia, sauti ya kike au ya kiume, watu walitoka kwanza na kuuliza baadaye. Mara nyingine walikuta ng'ombe, mara nyingine walikuta mwanaume ameshika fimbo. Walizoea.

Mimi nilihamishiwa Natta. Miaka ilipita kabla sijarudi upande ule, na niliporudi ilikuwa ni kwa msiba wa Mama Bhoke. Nyumba za mstari zilikuwa zimepungua. Watu wameanza kurudi milimani kidogo kidogo bila kumtangazia mtu. Balozi alikuwa ameketi kwenye kiti kile kile chenye mgongo. Kofia ya Chama ilikuwa imepauka hadi huwezi kusema ilikuwa ya kijani.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, mwalimu. Umenenepa. Natta wanakula nyama za porini."

Nilimpa pole. Alizungumza juu ya marehemu vizuri, na kwa muda nilimhurumia. Kisha walikaa wageni wengine karibu, vijana wa kutoka wilayani, na akawaeleza jinsi kijiji kile kilivyojulikana kwa yowe la akina mama. Alisema lilianza katika nyumba zake kumi. "Mke wangu alileta wazo," alisema, "mimi nikalithibitisha." Vijana wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Chacha alikuwepo, mvi kidevuni. Alitazama viatu vyake. Ulikuwa msiba, na mwenye msiba huachwa aseme.

Hapo Rhobi akatoka jikoni. Alikuwa amebeba sinia kwa mkono wa kushoto, kiwiko cha kulia kikilishikilia kwa chini. Alilitua mbele ya Balozi: ugali, na bakuli la kuku. Balozi aliutazama ule ugali, laini, uliosongwa vizuri.

"Umepika mwenyewe, Rhobi?"

"Mwenyewe, tata."

"Kwa mkono huo?"

"Nimeufundisha wa kushoto."

Uso wa mzee ukafunguka. Aliwatazama vijana wa wilayani, kisha akanigeukia mimi, kama mtu aliyepata shahidi wake. "Mwalimu, unaona? Amepika mwenyewe, amepakua mwenyewe. Hili sasa tumelimaliza."

Akanawa. Vidole vikaingia bakulini, vikageuza paja, vikageuza kipapatio. Akainamisha bakuli, akachungulia mchuzi.

"Firigisi iko wapi?"

"Mambo ya Mwita niliyamaliza mwenyewe siku aliyoondoka," Rhobi alisema. Hakupandisha sauti. "Nina kesi na wewe, uliyesema endeleeni. Firigisi huliwa kesi ikiisha."

Wanawake waliokuwa kwenye mafiga waligeuka. Chacha aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake. Rhobi hakuondoka, alisimama pale pale, mkono wake mbovu ukining'inia, akingoja. Alikuwa akingoja neno moja tu, na sote tulilijua, na Balozi alilijua. Aliliinamia tena bakuli.

Akachukua shingo, akaila.